Gurudumu Halifiki Tisini

Kila baada ya mchezo wa mpira wa kikapu, Verlin Sipes aliendesha gari polepole kutoka ukumbi wa chuo cha Whitcomb hadi nyumba ya kulea wazee iliyo nyuma ya kanisa la Wabaptisti, na njiani alikuwa akitunga uongo.

Hakuwa mtu wa uongo. Miaka yote aliyokata mawe ya chokaa machimboni, na baadaye akiwa msimamizi, hakuna mtu mjini Corley aliyewahi kumshika na neno lililopinda. Lakini Doyle Terhune alimdanganya, msimu wa tatu sasa, tena kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai kwenye kikapu.

“Enhe, lete,” Doyle alisema Jumamosi ile, mara tu aliposikia viatu vya Verlin mlangoni. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, dirisha ambalo halikumfaa kitu tena. Kisukari kilikwisha kuyamaliza macho yake. “Tumeshinda?”

“Tumeshinda. Tisini na moja kwa themanini na nane.”

“Aisee! Na Gurudumu?”

“Lilizunguka, bwana wee. Walinzi wa Eldon walikuwa wanageuza vichwa kama bundi.” Verlin alivua kofia, akavuta kiti. “Mpira ukaenda kushoto, ukarudi katikati, ukaenda kona, ukarudi tena. Haukugusa sakafu hata mara moja. Yule kijana mrefu akampitia mlinzi wake mgongoni, na mpira ukamkuta chini ya ringi kama vile walikuwa na miadi.”

“Mrefu yupi?”

“Yule... yule mrefu.”

“Mrefu,” Doyle alirudia, akatabasamu kuelekea dirishani.

Muuguzi Lavonne alichungulia. “Wazee wangu, leo msipige kelele. Mkianza kubishana kuhusu marefa kama juzi, nawatoa wote wawili nje kwenye theluji.”

“Huyu ndiye mwenye kelele,” Doyle akasema. “Mimi ni kipofu tu, mtu mpole.”

Walicheka wote watatu. Kisha Verlin akaendelea na mchezo ambao haukuwahi kuchezwa.

Mchezo wa kweli ulikuwa hivi. Vijana watano wa Whitcomb walisimama mbali na ringi, kila mmoja peke yake, kama watu wanaosubiri basi wasiojuana. Mmoja alidunda mpira, akadunda, akadunda, kisha akaurusha kutoka mbali kwa ajili ya pointi tatu. Ukiingia, watu waliruka. Usipoingia, wote walikimbia kurudi nyuma, na punde wakarusha tena. Nchi nzima ilicheza hivyo siku hizi. Kocha mpya alikuwa amesema gazetini kwamba hesabu ndiyo inayotaka: tatu ni nyingi kuliko mbili. Verlin aliisoma habari ile jikoni mwake, akalikunja gazeti, akakaa muda mrefu akiitazama friji.

Gurudumu lilikuwa kitu kingine. Lilitungwa na kocha Ransom Pruett, aliyekwisha kufa zamani, na Doyle, aliyekuwa msaidizi wake kabla ya kwenda kufundisha shule ya upili, alishiriki kulipanga. Wote watano walizunguka bila kusimama, mpira ukipita mkono kwa mkono, na ukumbi mzima ulinyamaza kama kanisa wakati wa sala, ukisikia viatu tu vikilia juu ya mbao. Walisubiri. Walisubiri mpaka mlinzi mmoja, kwa uchovu au kwa udadisi, ageuze kichwa. Hapo mtu wake alichomoka nyuma yake, mpira ukashushwa kwenye ringi kwa upole, na zile sauti zote zilizozuiliwa vifuani zikafunguka kwa pamoja. Verlin na Doyle walikaa pamoja katika ukumbi ule majira ya baridi mengi, wake zao pembeni yao na thermosi ya kahawa miguuni, na kila Gurudumu lilipokamilika Doyle alimpiga Verlin goti bila kusema neno.

Kisha wake walikufa, wa Doyle kwanza, halafu Nadine wa Verlin. Halafu macho ya Doyle. Majirani wa viti vile, mmoja mmoja, walihamia Florida au makaburini.

Doyle angeweza kusikiliza redio. Lakini mtangazaji wa zamani alipostaafu, akaletwa kijana aliyepiga kelele kuhusu matairi na bima katikati ya mchezo, Doyle aliizima redio na kuapa hataiwasha tena. “Nina redio yangu,” alimwambia Lavonne. “Inaitwa Sipes. Haina matangazo.”

Ndivyo uongo ulivyopata mlango. Siku ya kwanza baada ya mchezo wa kwanza wa kocha mpya, Doyle alikuwa ndiyo kwanza ameingia nyumba ile. Alikuwa hali chakula vizuri, hataki kunyolewa, hataki kutoka chumbani. Alimuuliza Verlin swali moja tu: “Wamelizungusha Gurudumu?” Verlin aliutazama ule uso uliokonda, akasema ndiyo. Mara moja hivi, mwishoni. Doyle akakaa wima. Akataka aelezwe nani alisimama wapi. Jioni ile alikula chakula chake chote.

Basi mara moja ikawa mbili, mbili zikawa mchezo mzima. Matokeo tu ndiyo Verlin hakuyagusa, kwa sababu wahudumu waliyataja wakati wa kifungua kinywa. Aliichukua idadi ya kweli, akaijengea mchezo mwingine kwa ndani.

Na hakuwa akimfanyia Doyle peke yake, hilo alilijua. Alipokuwa akisimulia, aliliona. Nyumbani kulikuwa na kiti cha Nadine na mlio wa friji. Ukumbini alikaa pembeni ya mwanamke wa makamo ambaye msimu mzima hawajaambiana zaidi ya “samahani, napita”. Duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja aliyejua Verlin anazungumzia nini anaposema Gurudumu. Doyle akijua kwamba amedanganywa misimu mitatu, kwamba Verlin aliutumia upofu wake kumchezea kama mtoto, atakuwa na haki ya kumfukuza. Na akimfukuza, Verlin atampelekea nani?

“Sipes,” Doyle alisema Jumamosi ile, hadithi ilipokwisha. “Wiki ijayo ni mchezo wa mwisho wa nyumbani.”

“Ndiyo.”

“Lavonne amezungumza na daktari. Wamekubali. Nipeleke.”

Verlin aliona mikono yake ikishika kofia kwa nguvu. “Kuna barafu, Doyle. Zile ngazi...”

“Ngazi nazijua kuliko wewe.”

“Na kelele za siku hizi, bwana. Wanapiga muziki mpaka meno yanauma.”

“Nimepofuka, sijavunjika. Utanisimulia palepale, joto joto. Au unaogopa kazi?”

“Siogopi kazi.”

“Basi Jumamosi njoo mapema. Sitaki kukuta wamekwisha kusimama.”

Wiki ile Verlin alifikiria kusema ana homa. Alifikiria gari bovu. Siku moja alitamani hasa theluji ifunge barabara, akafungua pazia kila asubuhi kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Theluji haikuanguka. Jumamosi adhuhuri ilikuwa kavu na yenye jua jeupe, na Doyle alikuwa akimsubiri mlangoni na jaketi lake la kijani, amenyolewa vizuri, nywele zimelazwa kwa maji.

“Nasikia harufu ya bisi,” Doyle alisema walipoingia ukumbini. Alisimama kidogo, watu wakimpita pande zote mbili. “Mungu wangu. Bado wanachoma siagi ileile.”

Verlin alimshika kiwiko, wakapanda ngazi moja moja hadi safu yao. Yule mwanamke wa makamo aliinuka kuwapisha.

“Samahani, tunapita,” Verlin akasema.

“Piteni tu. Karibu, mzee,” mwanamke akamwambia Doyle. “Mimi naitwa Rhonda.”

“Doyle. Na huyu hapa ni redio yangu.”

Sasa, pale Whitcomb kuna desturi. Mchezo ukianza hakuna anayekaa, awe mtoto au mjamzito au mzee, mpaka timu ya nyumbani ifunge kikapu cha kwanza. Mitupo ya adhabu haihesabiki. Lazima kiwe kikapu cha mchezo. Watu husimama na kupiga makofi kwa pamoja, pa, pa, pa, na aliyekaa hutazamwa vibaya hadi kwenye maegesho. Enzi za Pruett walisimama muda mrefu kwa sababu timu haikuwa na haraka. Siku hizi walisimama muda mfupi kwa kawaida, mtupo mmoja au miwili.

Siku ile haikuwa hivyo.

Mtupo wa kwanza ulikosa. Wa pili ukakosa. Doyle alisimama ameinamisha kichwa, akipiga makofi na wenzake, sikio limeelekea chini uwanjani.

“Enhe? Anza basi.”

“Wanazunguka,” Verlin alisema. “Mpira kushoto. Umerudi katikati. Kona. Umerudi...”

Chini uwanjani mpira ulidundwa, ukadundwa, ukarushwa. Ukagonga chuma. Ukumbi ukaguna.

“Amekosa chini ya ringi,” Verlin akasema haraka. “Amepenya vizuri, lakini mkono umeteleza.”

Makofi yaliendelea. Timu ya wageni ilifunga, mpira ukarudi, Whitcomb wakarusha tena, wakakosa tena.

“Huyu naye kapitia mgongoni, lakini...”

“Sipes.”

“Naam.”

“Mpira umegonga ringi ukaruka mbali. Nimesikia viatu vikiukimbilia mpaka kati. Mpira wa chini ya ringi hauruki hivyo.” Aliendelea kupiga makofi, polepole kidogo kuliko wengine. “Na unadundwa. Nimesimama hapa nausikia unadundwa kama mtu anagonga mlango. Niambie kilichotokea.”

Verlin alitazama huku na huku kana kwamba kulikuwa na mtu wa kumwokoa. Watu wote walikuwa wakipiga makofi, pa, pa, pa.

“Amerusha kutoka mbali,” alisema.

“Nani?”

“Namba tatu.”

“Namba tatu ni nani?”

Verlin alifungua kinywa, na hakukuwa na jina ndani yake. Misimu mitatu alikuwa amekaa hapa, hajakosa mchezo hata mmoja wa nyumbani, na hakujua namba tatu anaitwa nani. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayetafuta mbao nzuri katika nyumba iliyobomolewa.

“Sijui jina lake,” akasema. “Doyle, hakuna Gurudumu. Halipo tangu kocha huyu aje. Nilikudanganya.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Gurudumu halifiki tisini, we mtu!” Doyle alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. “Nililipanga na Pruett mezani kwangu, kwa vifuniko vya chupa. Pasi ishirini kwa kikapu kimoja! Siku yenye baraka tulifika sitini, tena mke wangu alisema tumekuwa na haraka. Wewe unakuja kuniambia tisini na moja kwa themanini na nane, na eti mpira haukugusa sakafu. Ulidhani sukari imekula macho ikala na akili?”

Nyuma yao mtu alicheka, akidhani ni utani. Mtupo mwingine ukakosa. Doyle alianza kuyumba.

“Kaa, Doyle. Watu wataelewa.”

“Kikapu hakijaingia.”

“Utaanguka.”

“Basi nishike.”

Verlin alimshika kiunoni. Walisimama hivyo, Doyle akiendelea na makofi.

“Kwa nini hukusema?” Verlin akauliza. “Kama ulijua tangu mwanzo.”

“Mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa nataka kufa, na wewe ukaniletea Pruett na vijana wake chumbani. Nikasema acha mtu huyu aseme.” Alitega sikio chini uwanjani. “Msimu wa pili nikachoka. Nilitaka kuwajua hawa, Sipes. Nani mchoyo. Nani anaogopa. Mama wa nani anamtukana refa. Lakini wewe kila ukija unaniletea walewale, na nusu yao nimewazika. Usiku nalala na watu waliokufa, mchana unakuja unaniongezea.”

“Ungeniambia.”

“Halafu uje kufanya nini? Nilijua hukuwa unakuja kwa ajili yangu peke yangu.” Alisema bila ukali. “Ningekunyang’anya, ungebaki na nini wewe?”

Verlin alikuwa ameogopa wiki nzima kwamba atafukuzwa. Hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa amevumiliwa.

Ndipo mpira ukaingia, kutoka mbali kabisa, na ukumbi ukalipuka. Watu wote wakakaa kwa mshindo mmoja. Doyle alijishusha kwenye kiti, uso umelowa jasho.

“Nani?” akauliza akihema.

Verlin aligeuka kwa mwanamke wa pembeni. “Samahani, Bi Rhonda. Namba tatu anaitwa nani?”

Rhonda alimtazama kwa mshangao, kwa sababu alikuwa amemwona akikaa pale tangu mwanzo wa msimu. “Odom. Tavares Odom. Mtoto wa Evansville. Yule pale ni Brannock, anarusha kwa mkono wa kushoto. Na yule mwenye mabega, mama yake ndiye yule mwenye kofia ya kijani, msikilizeni mama huyo refa akipuliza filimbi.”

“Anatukana?” Doyle akauliza.

“Anatukana? Baba yangu, mchungaji wetu amehama upande huu kwa sababu yake.”

Doyle alicheka mpaka akakohoa.

Basi Verlin akasimulia alichokiona. Ilikuwa kazi ngumu kuliko uongo. Vijana walikwenda mbio, na majina yalimponyoka, na mara nyingi Rhonda aliinama mbele ya Doyle kumsahihisha. Lakini Doyle alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango.

“Karusha. Odom. Umeingia.”

“Kutoka wapi?”

“Karibu na banda la bisi.”

“Mpumbavu huyo! Angekuwa wa Pruett angekalishwa benchi mpaka Pasaka.” Doyle alisugua mikono. “Nampenda. Endelea.”

Verlin aliendelea. Alifurahi kumsikia rafiki yake akicheka, na furaha ile ilikuwa na baridi ndani yake. Doyle na Rhonda walikuwa wakibishana sasa kama Brannock ni mvivu au amechoka, na Doyle hakuuliza tena habari za zamani. Alikuwa amekwisha kuvuka upande wa pili, mzee yule kipofu, kwa wepesi kuliko mwenye macho.

Karibu na mwisho, pointi zikiwa sawa, Odom alipigwa mkono akirusha. Refa hakuona kosa. Alisema mpira umetoka tu, uwe wa Whitcomb. Ukumbi mzima ukainuka kwa hasira. Kwenye skrini kubwa juu ya uwanja wakaanza kurudia tukio lile, polepole, na watu elfu kadhaa wakainua vichwa kuitazama skrini wakizomea kwa nguvu zote. Mama mwenye kofia ya kijani alikuwa amepanda juu ya kiti.

Verlin peke yake alikuwa akitazama chini, kwa sababu alikuwa na kazi ya kutazama.

Mpira uliingizwa. Wageni walikuwa wamewabana vijana wa Whitcomb kwa karibu, hapakuwa na nafasi ya kurusha, na labda kwa sababu hiyo tu, bila kocha kusema, wakaanza kutembea. Mpira ukaenda kushoto. Ukarudi katikati. Ukaenda kona kwa Brannock, ukarudi. Wote watano walikuwa wakizunguka, na mpira haukugusa sakafu. Mlinzi wa Odom aligeuza kichwa, kidogo tu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Odom akachomoka nyuma yake. Mpira ukamkuta chini ya ringi, naye akauweka ndani kwa vidole, kwa upole, kama mtu anayeweka kikombe mezani katika nyumba yenye mgonjwa.

“Doyle!” Alimshika mkono. Makelele ya kuzomea yalikuwa yamejaa kila mahali; ilibidi amsogelee sikioni. “Doyle, wamelizungusha. Sasa hivi. Kushoto, katikati, kona, halafu Odom mgongoni...”

Uso wa Doyle ulibadilika, lakini haukuwa ule uso wa zamani. Ulikuwa na huruma. Aliupapasa mkono wa Verlin, mara mbili, taratibu.

“Basi, ndugu yangu,” akasema. “Huna haja tena.”

“Naapa, Doyle. Kwa kaburi la Nadine.”

“Usimwingize Nadine.”

Verlin aligeuka kwa Rhonda. Alikuwa amesimama, kidole juu kwenye skrini, mishipa ya shingo imetoka. “Umeona?” Rhonda alimpigia kelele. “Kampiga mkono waziwazi! Umeona?”

“Nimeona,” Verlin akasema.

Alitazama safu za mbele, safu za nyuma, nyuso zote zimeinuliwa juu. Kwenye ubao wa matokeo namba zilikuwa zimebadilika, na watu walikuwa wakianza kuzigundua na kushangilia, kila mmoja akimuuliza mwenzake imekuwaje.

“Enhe?” Doyle akasema, sikio limeinama. “Wanashangilia nini? Nani kafunga?”

“Odom.”

“Kutoka mbali?”

“Hapana. Kwa karibu. Chini ya ringi.”

“Vizuri,” Doyle alisema, akapiga makofi. “Si lazima kila kitu kitoke kwenye banda la bisi. Endelea.”

Upande wa pili wa uwanja mpira ulikuwa tayari unadundwa. Verlin alivuta pumzi, akaendelea.